Milimita Thelathini Zilizokosekana: Uchambuzi wa Kisa cha Kamera na Darubini Pemba

Kisa hiki kinahusu klabu ya sayansi ya skuli moja ya sekondari kisiwani Pemba, iliyotaka kupiga picha za mwezi na nyota kwa kamera ya DSLR (ile ya lenzi inayotoka na kioo kinachoruka ndani) iliyofungwa kwenye darubini. Jina la skuli, shehia na wahusika wote yameondolewa. Vipimo havikuguswa, kwa sababu kisa chenyewe ni cha vipimo.

## Usuli

Darubini ilikuwa ya vioo, aina ya Newton: kioo kikuu cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, yaani f/5 (650 gawanya kwa 130). Ilifika skulini kama zawadi ikiwa na lenzi mbili za jicho, lenzi ya Barlow ya 2x (lenzi ya kati inayokuza taswira mara mbili), na stendi nyepesi ya ikweta yenye mota ndogo ya betri. Kamera ilikuwa Canon ya zamani ya megapikseli 18, mali ya mwalimu wa fizikia, ambaye mwisho wa wiki huitumia kupiga picha za harusi. Sensa yake, yaani bamba linalopokea mwanga wa picha, ina milimita 22.3 kwa 14.9, na kila pikseli ina upana wa maikromita 4.3 hivi.

Klabu ilikuwa na malengo mawili. La kwanza lilikuwa picha ya mwezi yenye kreta zinazoonekana wazi, ya kuchapishwa na kutundikwa ukutani siku ya maonyesho ya skuli. La pili lilikuwa picha ya Kilimia, lile fungu la nyota ambalo wazee hulitazama wakijua msimu wa kulima umefika. Malengo haya yalichukuliwa kama kazi moja yenye ugumu tofauti kidogo. Kumbe ni kazi mbili zinazotaka mpangilio tofauti wa vifaa, na kutolijua hilo mapema ndiko kulikorefusha safari.

## Jaribio la kwanza: kamera imekaa, picha hakuna

Kamera haifungwi kwenye darubini moja kwa moja. Lenzi ya kamera hutolewa, na mahali pake huwekwa pete ya T: pete ya chuma ambayo upande mmoja ina meno ya kamera husika (pete ya Canon EF haiingii kwenye Nikon, wala ya Nikon kwenye Canon) na upande wa pili ina nyuzi za milimita 42, hatua 0.75. Kwenye nyuzi hizo hufungwa bomba dogo la inchi 1.25 au inchi 2, ambalo huchomekwa kwenye darubini pale inapokaa lenzi ya jicho. Vifaa ni viwili basi, pete na bomba. Klabu iliagiza pete peke yake, na wiki kadhaa zikapita kabla bomba halijafika.

Vilipotimia, mwezi ukiwa wa siku saba, walifunga kila kitu, wakaielekeza darubini na kuwasha skrini ya kamera. Kamera iliandika F00 mahali pa namba ya tundu la lenzi. Hilo ni la kawaida, maana yake ni kwamba kamera haioni lenzi, na ukiweka gurudumu kwenye M (unapopanga kila kitu mwenyewe) inapiga bila shida. Kilichoonekana kwenye skrini ni duara kubwa jeupe lililotapakaa kama maziwa. Walizungusha kitufe cha fokasi kuelekea ndani. Duara likapungua, likapungua tena, halafu kitufe kikagota. Bomba la fokasi, lile linaloshika lenzi ya jicho au kamera, lilikuwa limeingia lote, na mwezi bado ni wingu.

Maelezo matatu yalitolewa usiku ule: kioo kimechafuka, vioo havikulingana, au pete ni feki. Yote matatu si sahihi. Mwanafunzi mmoja akachomeka tena lenzi ya jicho ya milimita 25, akaweka simu juu yake na kupiga mwezi mzuri tu wenye kreta zake. Hapo ushahidi ulikuwa mkononi: kama simu inapata picha kali kupitia vioo vilevile, vioo havina kosa. Lakini hakuna aliyeusoma ushahidi huo hivyo. Simu ilionekana kama bahati, na usiku uliofuata mwalimu akatumia saa mbili kulinganisha vioo ambavyo havikuwa na tatizo.

## Kwa nini inagota

Kioo kikuu hukusanya mwanga na kuutupa mahali pamoja maalumu, na taswira kali hupatikana hapo tu. Darubini nyingi za Newton za wanaoanza hutengenezwa kwa ajili ya jicho, kwa hiyo mahali hapo huwekwa karibu na mdomo wa bomba la fokasi, kwani lenzi ya jicho ndipo inapokaa. Sensa ya DSLR haiwezi kufika hapo. Ndani ya Canon, kutoka uso wa meno hadi kwenye sensa ni milimita 44, kwa sababu lazima kubaki nafasi ya kioo kinachoruka kila unapopiga. Pete ya T huongeza milimita 11. Jumla ni 55. Kwa Nikon ni 46.5 na pete ya 8.5, jumla ileile 55, maana mfumo wa T ulipangwa hivyo kwa kamera zote.

Sensa basi inakaa milimita 55 nyuma ya pete hata bomba lisukumwe ndani vipi. Kama taswira inaangukia milimita 30 tu juu ya mdomo wa bomba, kamera haitaifikia kamwe.

## Kipimo cha karatasi

Wiki ya pili mwalimu aliacha kukisia, akapima. Kipimo chenyewe hakihitaji kununua chochote, na ndicho kilichotakiwa kufanywa kabla ya kuagiza hata hiyo pete:

1. Ondoa lenzi ya jicho, kisha ingiza bomba la fokasi lote hadi ligote.
2. Elekeza darubini kwenye mwezi. Usijaribu kwa jua: mwanga wake ukikusanywa na kioo cha milimita 130 huunguza karatasi, na jicho likipita hapo limekwenda.
3. Shika kipande cha karatasi nyembamba nyeupe juu ya mdomo wa bomba, ukisogeze juu na chini mpaka kiduara cha mwezi kiwe kikali. Kwa fokasi ya milimita 650 kiduara hicho kina upana wa milimita 6 hivi.
4. Mwenzako apime kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi karatasi.

Walipata milimita 28. Bomba dogo la kamera lilikuwa na bega la milimita 3 linalobaki nje. Kinachotakiwa ni 55 na 3, yaani 58. Kilichopo ni 28. Pengo ni milimita 30. Walirudia mara tatu, na majibu yakawa kati ya 27 na 29.

Kabla ya kuendelea, walitakiwa kuangalia jambo moja: je, kile kishikio cha lenzi ya jicho kinafunguka? Kwenye darubini nyingi kishikio kinachomolewa, na chini yake mna nyuzi za milimita 42 tayari, hivyo pete ya T inakaa moja kwa moja na kuokoa milimita kadhaa. Kwenye darubini hii kilikuwa kipande kimoja na bomba, hakikufunguka.

## Uamuzi wa kwanza: Barlow kwa ajili ya mwezi

Njia tatu ziliwekwa mezani. Kununua bomba la fokasi fupi zaidi lilikataliwa kwa gharama na kwa kuchoka kungoja mizigo. Kusogeza kioo kikuu kuliogopwa. Iliyobaki ni lenzi ya Barlow iliyokuwa ndani ya boksi tangu mwanzo.

Barlow huchelewesha miale kukutana, kwa hiyo taswira husogea nje, na kamera inaifikia. Ya kwao kishikio chake cha juu kilifunguka na chini yake mkawa na nyuzi za T. Pete ikafungwa hapo bila bomba lolote la ziada. Usiku huohuo mwezi ulipata fokasi, tena kitufe kikiwa na nafasi ya kwenda mbele na nyuma.

Picha za kwanza zilikuwa mbaya hata hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kamera ilikuwa kwenye otomatiki. Mita yake ya mwanga iliona anga jeusi lililojaa fremu, ikafungua shata kwa muda mrefu, na mwezi ukatoka sahani nyeupe. Pili, walibonyeza kwa kidole, na stendi ile nyepesi ikitikiswa huendelea kucheza kwa sekunde tatu au nne.

Waligeuza gurudumu hadi M, wakaweka RAW (picha ghafi), ISO 400 (wepesi wa sensa kwa mwanga), shata sekunde 1/160, na kipima muda cha sekunde 10. Walipiga kupitia skrini na si tundu la kuchungulia, kwa kuwa skrini ikiwaka kile kioo cha ndani ya kamera kimeshainuka na hakipigi tena mtikisiko. Kwa mwezi mpevu kiasi kinachofaa kwenye f/11 ni ISO 100 na 1/100 hivi. Mwezi wa siku tisa una mng'ao mdogo zaidi, ndiyo maana wakaongeza.

Fokasi walikaza kwa kukuza skrini mara 10 kwenye ukingo wa kreta ya Copernicus, ambayo siku ya tisa huwa inapambazukiwa na jua na vivuli vyake ni virefu. Kushika kitufe kulitikisa picha. Dawa yake ni kuzungusha kidogo, kuachia, kusubiri itulie, kutazama, kisha kuzungusha tena. Kazi ya subira, haina njia ya mkato.

Walipiga fremu 40, wakabakisha 6. Mwezi ulijaza takriban pikseli 3,140 kwa urefu, kati ya 3,456 zilizopo. Kwa Barlow ya 2x halisi ungekuwa kama 2,730. Tofauti inatokana na umbali: kadiri sensa inavyokaa mbali na Barlow ndivyo ukuzaji unavyopanda, na hapa 2x iligeuka kuwa 2.3x, fokasi ikawa karibu milimita 1,495 na f/11.5. Si hasara, ila mwezi ukiwa karibu zaidi na dunia unagusa kingo za fremu.

Mahali pa kusimama nako kulileta tofauti. Usiku wa kwanza walikuwa kwenye baraza ya saruji, na moja kwa moja mbele yao lilikuwa paa la bati lililopigwa na jua kutwa. Hewa juu ya bati ilichemka hadi baada ya saa tatu, na kreta zilionekana kama zimo chini ya maji. Walipohamia kwenye majani ya uwanja wa mpira, nyuma ya ukuta unaozuia upepo wa kaskazi, picha zilitulia mara moja.

## Uamuzi wa pili: kutoboa bomba la darubini

Lengo la kwanza lilitimia kwa Barlow, na kama klabu ingeishia hapo kisa kingekuwa kifupi. Lakini Kilimia kina upana wa karibu digrii 2. Kwa Barlow ile fremu ilifunika digrii 0.85 kwa 0.57 tu, kwa hiyo kingeingia kipande. Bila Barlow fremu ni digrii 1.97 kwa 1.31, na nyota kuu zote zinakaa. Tena f/11.5 ni giza mno kwa nyota hafifu: ingehitaji muda zaidi ya mara tano ya f/5. Kwa hiyo ilibidi lile pengo la milimita 30 lizibwe kweli.

Kanuni ni nyepesi: ukisogeza kioo kikuu mbele kwa milimita moja, taswira nayo hutoka nje kwa milimita moja. Uliobishaniwa ni utaratibu. Skrubu ndefu zaidi za kulinganishia kioo zilipendekezwa, lakini kwa milimita 30 kioo kingening'inia na kuyumba kila darubini inapogeuzwa. Waliamua kutoboa matundu matatu mapya kwenye bomba na kuhamisha kikombe kizima cha kioo. Sababu mbili ziliwatosha: kikombe hicho kilikuwa cha aina inayoingia ndani ya bomba (kile kinachovaa nje kama kofia kingelazimu kulikata bomba lenyewe), na matundu ya zamani yangebaki, hivyo kazi ingeweza kurudishwa nyuma.

Walichukua milimita 30 za pengo, wakaongeza 5 za tahadhari ili kitufe kipate nafasi. Jumla 35. Hizo 5 tutazirudia.

Kazi ilifanywa na fundi wa milango ya alumini, ambaye ana drili yenye stendi na mkono usiotetemeka. Vioo vyote viwili vilitolewa kwanza, vikafungwa kwenye kitambaa cha pamba na kuwekwa chumba kingine. Kipande cha karatasi kilizungushwa bombani kikiwa kimegusa ukingo wa nyuma, matundu matatu ya zamani yakawekwa alama juu yake, kisha karatasi ikasogezwa milimita 35 mbele bila kuzungushwa. Gundi ya karatasi ilibandikwa pa kutoboa ili rangi isipasuke. Baada ya kutoboa, bomba lilifutwa ndani kwa kitambaa kibichi mara mbili, kwa kuwa chembe moja ya chuma juu ya kioo inatosha kukichubua.

Kuna gharama moja waliyoijua mapema wakaikubali: lenzi ya jicho sasa inahitaji bomba la kurefusha, vinginevyo bomba la fokasi haliwezi kutoka kiasi cha kutosha. Nyingine hawakuijua.

## Stendi, kibla na swichi

Stendi ya ikweta hufuata nyota kwa kuzunguka mhimili mmoja, mradi mhimili huo uelekee ncha ya anga. Vitabu vingi vya mwongozo huanza na "tafuta nyota ya kaskazini". Pemba iko digrii 5 kusini ya ikweta, na nyota hiyo haichomozi kabisa. Ncha ya kusini ipo digrii 5 juu ya upeo wa macho, imezama kwenye ukungu wa bahari, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Kwa hiyo hakuna cha kulenga.

Hapa klabu ilipata jawabu zuri kuliko yote. Makka iko karibu kwenye longitudo ileile na Pemba, kwa hiyo kibla cha Pemba ni kaskazini halisi, tofauti ikiwa chini ya nusu digrii. (Unguja tofauti ni digrii moja hivi.) Msikiti ulioelekezwa vizuri ni dira isiyosumbuliwa na nondo wala sumaku. Walivuta uzi sambamba na ukuta wa ubavuni wa msikiti ulio jirani na uwanja, wakapigilia vigingi viwili, na mhimili ukawekwa juu ya mstari huo ukikipa kibla kisogo. Kwa kuwa misikiti ya zamani si yote iliyopimwa kwa usahihi, walihakiki kwa kivuli cha fimbo jua lilipokuwa katikati ya safari yake. Vilikubaliana.

Mwinuko ulileta taabu zaidi. Skrubu ya stendi iligota kwenye digrii 15, wakati zinatakiwa 5. Walilalisha stendi nzima. Kati ya mguu wa kaskazini na mstari wa miguu miwili ya kusini palikuwa na sentimita 90. Kwa digrii 10 mguu wa kaskazini unatakiwa kupanda sentimita 16. Tofali la inchi sita lililolazwa na kipande cha ubao vilitosha. Mguu mmoja uliwekwa kaskazini makusudi, kwa sababu kwenye latitudo kama hii uzito wa mizani huning'inia karibu wima upande wa kusini, na ukiweka mguu huko unagongana nao. Kiroba cha mchanga kilifungwa katikati ya miguu ili stendi isianguke kifudifudi.

Kisha mota ikawashwa, na fremu ya kwanza ya sekunde 20 ikatoka na mistari mirefu. Walirekebisha mwelekeo, mistari ikabaki. Walipozima mota, mistari ikafupika kwa nusu. Dalili hiyo inajieleza: mota ilikuwa inakwenda kinyume. Kidude cha mota kina swichi ya N na S (kaskazini na kusini mwa ikweta), na ilikuwa imeachwa N, kama ilivyotoka kiwandani. Anga hutembea sekunde 15 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) kwa kila sekunde ya saa, na mota ikienda kinyume inakuwa 30. Swichi iliposukumwa S, nyota zikawa nukta.

Kamera nayo, gramu 700 na kitu zikiwa ubavuni mwa bomba, ilipotosha mizani. Walilegeza pete za bomba, wakalizungusha hadi kamera ikaning'inia chini, wakalisogeza bomba nyuma sentimita nne, halafu wakaacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo ili gia za mota zibaki zimegusana.

## Matokeo

Katikati ya Januari, Kilimia hufika juu kabisa yapata saa mbili na nusu usiku, upande wa kibla, digrii 61 hivi kutoka upeo. Walipiga fremu 60 za sekunde 20, ISO 1600, kwa f/5 kama walivyodhani. Fokasi waliikaza kwa kutazama miale minne inayotokana na mikono ya kioo kidogo, kile cha pili kinachogeuza mwanga kuelekea bomba la fokasi: nyota angavu ikiwa nje ya fokasi kila mwale huonekana kama miwili, na ikiingia huungana kuwa mmoja. Baadaye walipiga fremu 15 za giza za kuondolea madoa ya sensa, kifuniko kikiwa mdomoni mwa darubini.

Fremu 23 zilitupwa, nyingi kwa upepo na chache kwa gia za mota. Zilizobaki 37 zilirundikwa, yaani ziliunganishwa kuwa picha moja, kwa DeepSkyStacker, programu ya bure. Nyota kuu zote zilitoka, na kuzunguka Merope, mojawapo ya nyota hizo, palionekana ukungu wa bluu, hafifu lakini upo. Nyota za pembeni zina mikia kama vimondo, kitu cha kawaida kwa Newton ya f/5 isiyo na lenzi ya kusahihisha, na pembe za picha ni nyeusi.

Picha ya mwezi ilichapishwa na kutundikwa. Mshtarii nayo ilijaribiwa kwa Barlow, ikatoka punje ya pikseli 76 yenye mikanda miwili na miezi yake pembeni. Kwa sayari, video iliyokuzwa ingefaa zaidi kuliko picha moja moja.

## Uchambuzi

Kipimo cha karatasi kiligeuza mabishano ya wiki nzima kuwa namba moja. Kasoro yake ni wakati tu: kilikuja baada ya kununua, na baada ya kulaumu vioo. Darubini ya Newton inapogota kwa ndani huku lenzi ya jicho ikiona vizuri, karibu kila mara ni umbali, na kugusa skrubu za vioo kunaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Barlow ilikuwa uamuzi sahihi kwa mwezi, na kwa skuli isiyo na fundi anayeaminika ningesema iishie hapo. Kutoboa kulikuwa sahihi kwa Kilimia, ila hesabu yake ilikuwa nusu. Hawakuangalia kioo kidogo. Kwenye f/5, upana wa mwanga mahali popote ni umbali wake hadi kwenye fokasi ugawanywe kwa 5. Kutoka kioo kidogo hadi fokasi palikuwa na milimita 168: 80 za nusu ya bomba, 60 za kimo cha fokasi, na zile 28. Mwanga hapo ulikuwa na upana wa milimita 33.6, na kioo kidogo kina 38, kinatosha. Baada ya kusogeza 35, umbali ni 203 na mwanga una upana wa 40.6. Kioo cha 38 hakiumezi. Darubini ya milimita 130 imekuwa kama ya 122, f/5.3, na karibu asilimia 12 ya mwanga inapita pembeni. Wangesogeza 30 tu, hasara ingekuwa asilimia 8. Zile milimita 5 za tahadhari zilikuwa nyingi, 2 zingetosha kwa kitufe kucheza.

Pembe nyeusi zina sababu mbili. Moja ni hicho kioo kidogo. Ya pili ni bomba la inchi 1.25, ambalo uwazi wake wa ndani ni milimita 27 au 28, wakati mshazari wa sensa peke yake ni 26.8. Fokasi ya inchi 2 ingeondoa hii ya pili. Kwa sasa wanakata kingo za picha.

Mwelekeo wa kibla ulifanya kazi kuliko dira ya simu, ambayo karibu na stendi ya chuma ilipotea kwa digrii kadhaa. Kosa la digrii moja kwenye mhimili huleta mpaka sekunde 5 za tao ndani ya sekunde 20, yaani karibu pikseli 4 kwenye kamera hii. Kwa hiyo uzi na vigingi havikuwa mapambo. Vigingi vimeachwa ardhini, na kila usiku stendi inarudi palepale.

Lililoharibika kabisa ni uhifadhi. Darubini ilikaa stoo wakati wa masika, Barlow ikiwa ndani ya boksi lenye mchele, kwa imani kwamba mchele hunyonya unyevu. Hunyonya kidogo, huacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha kuvu. Mwezi Mei lenzi ya Barlow ilikuwa na nyuzi za kuvu kama buibui kuanzia ukingoni. Sasa vioo na lenzi viko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vilivyokusanywa kutoka maboksi ya viatu, ambavyo hukaushwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo kila mwezi. Kamera ikitoka ofisi ya mwalimu mkuu yenye kiyoyozi hubaki ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa kabla ya kufunguliwa nje, maana hewa ya Pemba ikikuta kioo cha baridi huweka jasho hadi ndani ya sensa. Barlow yenye kuvu bado inatumika, picha zake zimefifia kidogo, na klabu haijaamua kama itaifungua kuisafisha au itanunua nyingine.